Maswali na majibu: Kutembelea Makumbusho ya Sanaa ya Rouen

Safari hii nimeweka pamoja maswali yanayohusu jumba moja tu: Musée des Beaux-Arts la mji wa Rouen, katika mkoa wa Normandie, Ufaransa. Wengi walioandika wanaishi Ulaya au wana ndugu huko wanaotaka kuwatembelea, na karibu kila mmoja anaanza kwa kuomba radhi: “mimi sijui mambo ya sanaa.” Hakuna radhi ya kuombwa hapo. Picha zilichorwa ziangaliwe, na kuangalia hakuhitaji cheti.

Nitakuwa Paris juma zima kwa mdogo wangu. Louvre lenyewe sidhani kama nitalimaliza. Kuna sababu gani ya kupanda treni hadi Rouen? (Msomaji wa kike, Dodoma)

Louvre halimaliziki, dada yangu, hata kwa wanaoishi jirani nalo, kwa hiyo usijitwishe kazi hiyo. Sababu yangu ya kukutuma Rouen ni utulivu. Louvre utapanga foleni, utabanwa na umati, na mbele ya picha zenye jina kubwa utaona zaidi simu zilizoinuliwa juu kuliko picha yenyewe. Rouen unaweza kusimama mbele ya kazi ya Caravaggio, mchoraji anayetafutwa na dunia nzima, na chumbani mkawa wewe na mlinzi tu.

Picha hiyo inamwonyesha Yesu amefungwa kwenye nguzo, anapigwa mijeledi. Ilichorwa mnamo 1607. Mji wa Rouen uliinunua mwaka 1955 ikidhaniwa ni ya Mattia Preti, mchoraji wa kizazi kilichofuata, na ni baadaye tu mtaalamu wa Kiitalia Roberto Longhi alipoitambua kuwa ya Caravaggio mwenyewe. Yesu yuko upande wa kushoto, kifua wazi, mwanga wote umemwangukia yeye. Watesaji wawili wako kulia, nusu yao imo gizani. Watazame vizuri hao wawili. Sioni hasira kwao; naona watu walioko kazini, na hilo ndilo linalonichoma kila ninapoitazama.

Treni zinaondokea stesheni ya Saint-Lazare na safari ni kama saa moja na nusu. Shukia Rouen Rive-Droite, uteremke kwa miguu barabara ya Rue Jeanne-d’Arc hadi uione bustani ndogo ya Square Verdrel. Jumba linatazamana na bustani hiyo, ni mwendo wa dakika chache tu. Na kuingia ni bure. Tangu 2016 makumbusho ya mji wa Rouen na vitongoji vyake hayatozi kiingilio kwa mkusanyiko wa kudumu. Kinacholipiwa ni maonyesho ya muda.

Nikiingia makumbusho natembea chumba hadi chumba. Baada ya nusu saa miguu inauma, kichwa kimejaa, na jioni sikumbuki hata picha moja. Nakosea wapi? (Muuguzi, Nakuru)

Unaangalia nyingi mno. Ndani ya jumba hilo kuna uchoraji wa zaidi ya karne tano, na hakuna kichwa kinachoweza kubeba hayo yote kwa asubuhi moja. Chagua picha tatu. Nyingine zisalimie ukipita. Kwa kila moja ya hizo tatu, kaa dakika kumi kamili. Mwanzoni utadhani umeshaona yote yaliyomo. Kisha utachoka, utatamani kuangalia simu. Vumilia hapo hapo, maana baada ya uchovu huo ndipo picha inapoanza kufunguka.

Nikuchagulie moja, mbili utajitafutia. Ulizia picha ya Claude Monet ya mlango mkuu wa kanisa kuu la Rouen siku ya mawingu. Monet alikuja Rouen mwishoni mwa majira ya baridi ya 1892, akarudi tena msimu kama huo mwaka 1893. Alipanga vyumba vya ghorofani vinavyotazamana na kanisa, kimojawapo ndani ya duka la nguo za wanawake, akafungua dirisha akaanza kuchora. Kanisa hilo hilo alilichora takriban mara 30. Alikuwa na turubai kadhaa zinazoendelea kwa pamoja, na mwanga ulipohama aliweka moja pembeni akashika nyingine: hii ya asubuhi yenye ukungu, hii ya jua kali, hii ya jua linalokuchwa. Alizibeba zote hadi nyumbani kwake Giverny, akazimalizia huko, na nyingi zimeandikwa mwaka 1894. Mei 1895 zilionyeshwa 20 mara moja huko Paris.

Ukifika mbele yake, kwanza sogea karibu kadiri mlinzi atakavyokuruhusu. Kanisa hutaliona. Utaona rangi iliyorundikwa ikakauka na vinundu na mikwaruzo, kama lipu ambayo fundi hajaipitishia ubao. Kile ulichokiita kijivu ukiwa mlangoni kina buluu ndani yake, kina njano hafifu, kina waridi. Sasa rudi nyuma hatua moja moja bila kuondoa macho. Mahali fulani katika hatua hizo jiwe linatokea: tao la mlango, kivuli kilichozama chini yake, nakshi zinazopanda hadi mnarani. Songa mbele tena, kanisa linatoweka. Rudi nyuma, linarudi. Fanya hivyo mara tatu nne bila haya. Watu wa makumbusho wamezoea kuwaona wageni wakienda na kurudi mbele ya picha hiyo, na mimi naamini aliyeichora alitaka tufanye hivyo.

Kisha toka nje. Kanisa lenyewe liko umbali wa dakika kama kumi kwa miguu. Simama uwanjani mbele ya mlango ule ule, ulitazame wingu moja linapopita juu ya jua na uso mzima wa kanisa unavyogeuka rangi. Sijui mji mwingine ambapo unaweza kuona picha na kitu chenyewe ndani ya robo saa, kwa miguu yako, bila kulipa hata senti. Ukiwa na nguvu, rudi ndani uitazame picha mara ya pili. Hapa ndipo bure inapokuwa na maana kubwa: hakuna tiketi inayokushurutisha upite kila chumba ili pesa yako isipotee. Unaingia kwa picha moja, unatoka, unarudi.

Na ukipita Paris baadaye, Musée d’Orsay lina makanisa mengine matano ya mfululizo huo huo. Yatazame ukiwa umeshaliona la Rouen, utajikuta unatambua saa na hali ya hewa kwenye kila moja.

Nina watoto wawili, wa miaka mitano na tisa. Tunaishi Le Havre na tunaweza kwenda asubuhi tukarudi jioni. Watavumilia? (Mama wa Bujumbura)

Watavumilia, mama, usipowaburuza. Dakika 40 ndani, halafu wakimbie bustanini Square Verdrel, halafu labda dakika 20 nyingine.

Waanzishie kwa farasi. Théodore Géricault alizaliwa Rouen mwaka 1791, akafa mwaka 1824 akiwa bado kijana, na kuanguka na farasi kulichangia kifo chake, kwa jinsi alivyowapenda kupita kiasi. Makumbusho yana picha zake kadhaa. Kuna moja ambayo wanaume wamemshika farasi anayejipinda kutaka kuchomoka. Wazo hilo lilimjia Roma mwaka 1817, alipoona mashindano ya farasi wanaokimbia mjini bila wapandaji. Muulize yule mdogo nani atashinda, farasi au watu. Muulize mkubwa ni mkono upi umebeba uzito. Waache wajibu, wewe usiseme kitu. Watoto wanaona mambo ambayo sisi tumeyapita.

Kisha watafutieni “mtu anayecheka”. Ni picha ya Velázquez, mchoraji wa Hispania: mwanamume anayeitwa Demokrito, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, anaielekeza dunia ya mviringo mezani kwa kidole huku akitabasamu. Kila mtoto ninayemjua huwa anataka kujua anaicheka kwa nini. Ni swali ambalo hata wanafalsafa hawajalimaliza, kwa hiyo jibu lolote mtakalopata nyumbani ni halali.

Lakini kitu ambacho nadhani watakisimulia shuleni hakimo ndani ya jumba hilo. Kiko jirani kabisa, kwenye kanisa la zamani la Saint-Laurent, ambalo tangu 1921 ni makumbusho ya vitu vya chuma, Le Secq des Tournelles. Huko kuna funguo, kufuli, vitasa, bawaba, vigongeo vya milango, vibao vya maduka vilivyoning’inia juu, mageti mazima ya chuma yaliyosimama chini ya madirisha ya kanisa. Zipo funguo ndefu kuliko kiganja cha mtu mzima na zipo ndogo kama kucha, na nyingine fundi amezitoboa nakshi nyembamba hadi unajiuliza aliishika vipi tupa yake. Mtu aliyekulia Lamu au Mji Mkongwe akiwa anagusa misumari ya milango kila akipita atasimama hapo muda mrefu. Nako ni bure. Kwa kawaida hufunguliwa mchana, kwa hiyo anzeni na jumba kubwa asubuhi, mle, ndipo mvuke upande wa pili.

Binti yangu ameolewa Ufaransa na anataka kunipeleka. Mimi ni mtu mzima, navaa hijabu. Nasikia humo ndani mna picha za watu uchi na misalaba kila ukuta. Nifanyeje? (Bibi wa Kisauni, Mombasa)

Shikamoo, bibi. Nakushukuru kwa kuuliza wazi, maana wengi wana wasiwasi huo na wanaumeza.

Hijabu haina tatizo. Mgeni wa makumbusho anaingia na mtandio wake, na buibui lake, hakuna wa kumzuia. Kinachokatazwa na sheria ya Ufaransa ya 2010, mahali popote pa umma, ni kufunika uso. Mlangoni watataka kuangalia ndani ya mkoba, kama wanavyofanya kwa kila mtu.

Picha za watu uchi zipo, na za Injili zipo nyingi. Kwa karne nyingi aliyekuwa na fedha ya kumlipa mchoraji huko Ulaya alikuwa kanisa, mfalme au tajiri, na kila mmoja aliagiza alichokitaka. Lakini jumba limepangwa kwa vyumba, na binti yako anaweza kukutangulia akachungulia kabla hujaingia. Vingi mtavipita, na hakuna atakayewauliza.

Mimi ningekupeleka moja kwa moja kwenye vyumba vya wachoraji wa karne ya 19 waliochora nje, juani. Kuna picha ya Alfred Sisley ya mafuriko ya Port-Marly, mwaka 1876. Mto Seine umefurika hadi mtaani, nyumba imesimama ndani ya maji, na mbingu imelala juu ya maji hayo kwa upole ambao hukuutarajia kwa habari ya mafuriko. Wewe umekaa pwani miaka yote, unajua maji yanavyobeba rangi ya mbingu. Utaisoma picha hiyo vizuri kuliko wengi waliotangulia kuiona.

Na kama utakubali moja ya kidini, ni ya Gérard David, ya mwaka 1509. Bibi Mariamu amekaa katikati, amempakata mwanawe, mtoto ameshika kishada cha zabibu. Wamezungukwa na wanawali, baadhi wamefungua vitabu, na malaika wawili wanapiga ala. Kimya cha picha hiyo kinasikika. Kwa nyuma kabisa, pembeni, mchoraji amejichora mwenyewe akichungulia, na upande wa pili mkewe. Aliitoa kama sadaka kwa masista wa mji wa Bruges. Angalia vitambaa na nywele, bibi, uzi kwa uzi. Mtu aliyewahi kudarizi kofia atajua saa ngapi zimeingia hapo.

Sisi hapa Brussels tunaona makumbusho makubwa katika mji mkuu na tunaelewa. Lakini mji wa kawaida kama Rouen ulipata wapi Caravaggio, Velázquez na wengine wote hao? Nani aliwapa? (Baba wa Lubumbashi)

Swali lako limegusa hata huo mji unaoishi, mzee wangu.

Mapinduzi ya Ufaransa ya 1789 yalitaifisha mali ya kanisa na ya makabaila waliokimbia. Ghafla serikali ikawa na maelfu ya picha mikononi. Baada ya hapo majeshi ya Ufaransa yakaingia Italia na nchi za kaskazini, yakachukua nyingine nyingi. Louvre lilijaa. Tarehe 1 Septemba 1801, kwa pendekezo la waziri wa mambo ya ndani Jean-Antoine Chaptal, ikatolewa amri ya kugawa picha kwa miji 15. Rouen ilikuwemo, pamoja na Lyon, Lille, Nantes, Dijon, Marseille na kadhalika. Zilikuwemo pia Geneva, Mainz na Brussels, kwa kuwa wakati huo zilikuwa chini ya Ufaransa. Kwa hiyo makumbusho ya sanaa unayopita karibu nayo huko Brussels na haya ya Rouen yana mzazi mmoja.

Nikupe mfano mmoja uone ugawaji huo ulivyokwenda. Miaka ya mwisho ya karne ya 15, Pietro Perugino alichora picha kubwa ya madhabahu kwa ajili ya kanisa la San Pietro mjini Perugia. Ilikuwa na paneli nyingi zilizounganishwa: katikati Kristo anapaa mbinguni, juu Mungu Baba, pembeni manabii, chini mstari wa picha ndogo. Mwaka 1797 Wafaransa waliichukua. Kisha wakaigawa. Kristo anayepaa yuko Lyon. Manabii Isaya na Yeremia wako Nantes. Picha tatu za chini, yaani kuabudu kwa Mamajusi, ubatizo na ufufuko, ziko Rouen. Kitu kilichochorwa kiwe kimoja, kionekane na waumini kwa mtazamo mmoja, leo kinahitaji tiketi za treni za miji mitatu ya Ufaransa, na bado vipande vingine viko Italia.

Napoleon aliposhindwa mwaka 1815, wenyewe walikuja kudai. Vingi vilivyokuwa Louvre vilirudi. Vilivyokuwa vimetawanywa mikoani vilikuwa vigumu zaidi kuvikusanya, na vingi vilibaki. Ile ya Lyon, Papa Pius wa 7 aliiachia mji huo rasmi mwaka 1816. Ukisimama mbele ya paneli za Rouen, zina rangi safi na watu wadogo waliochorwa kwa ustadi mkubwa, nami nazipenda sana. Nazipenda nikijua zimetoka wapi. Sioni kwa nini moja lifute jingine, na sipendi makumbusho yanapotaja jina la mchoraji na mwaka tu, yakanyamaza kuhusu safari.

Njia ya pili ilikuwa ununuzi, kama nilivyosema kuhusu Caravaggio. Ya tatu ni zawadi. François Depeaux, tajiri wa makaa ya mawe wa hapo hapo Rouen, alinunua picha za Monet, Sisley na wenzao, na mwaka 1909 aliukabidhi mji picha 53. Lile kanisa la siku ya mawingu limo, na mafuriko ya Port-Marly yamo. Bila mtu huyo mmoja, vyumba vinavyovuta wageni wengi zaidi leo vingekuwa vitupu.

Je, Rouen kuna vitu vilivyochukuliwa Afrika? Sitaki kwenda kufurahia mahali ambapo mababu zetu wamewekwa kabatini. (Mwanafunzi, Kigali)

Musée des Beaux-Arts ni jumba la uchoraji na uchongaji wa Ulaya hasa. Vitu vya mabara mengine, Rouen, vilikwenda kwenye makumbusho ya viumbe na mazingira, jumba jingine. Na hapo kuna habari ambayo ungependa kuijua.

Makumbusho hayo yalikuwa na kichwa cha mtu wa Kimaori wa New Zealand, kilichohifadhiwa kikiwa na chale zake, tangu 1875. Oktoba 2007 baraza la mji wa Rouen lilipiga kura kirudishwe kwao. Serikali kuu ikapinga, mahakama ikabatilisha uamuzi, kwa hoja kwamba mali ya makumbusho ya taifa haitolewi. Mji haukuacha. Bunge likapitisha sheria Mei 2010 kwa ajili ya vichwa vyote vya Kimaori vilivyokuwa Ufaransa, na tarehe 9 Mei 2011 kichwa hicho kikakabidhiwa kwa wenyewe ndani ya jengo la manispaa ya Rouen. Miaka kumi baadaye, Novemba 2021, Ufaransa ilirudisha Benin vitu 26 vya ufalme wa Abomey, navyo kwa sheria maalumu. Kwa Watanzania ambao bado wanafuatilia fuvu la Mangi Meli, chifu wa Wachaga aliyenyongwa na Wajerumani huko Moshi mwaka 1900, si jambo dogo kujua kwamba baraza la mji mmoja wa mkoani liliwahi kusimama kidete hadi sheria ya nchi ikabadilika.

Kwa hiyo nenda, mdogo wangu. Na ukiona maelezo yamenyamaza, mwulize mtumishi aliyeko chumbani. Swali la mgeni linafika mbali zaidi ya unavyodhani.

Baba yangu anatumia kitimwendo. Na je, kupiga picha kunaruhusiwa? Kifaransa sijui hata kidogo. (Msomaji, Mwanza)

Jumba ni la 1888 na mbele lina ngazi. Pigeni simu siku moja kabla mwulize mlango usio na ngazi. Ndani kuna lifti. Viti vya kupumzikia vipo vyumbani, na baba asisite kuomba kukaa mbele ya picha anayoipenda.

Picha za simu kwa kawaida zinaruhusiwa kwenye mkusanyiko wa kudumu, bila flashi na bila fimbo ya selfi. Kwenye maonyesho ya muda angalia alama mlangoni. Begi kubwa la mgongoni liache kabatini. Si kwa kuogopa wizi tu, mtu akigeuka ghafla begi hugonga fremu.

Kifaransa kinachohitajika ni kidogo. Sema “Bonjour” kabla ya neno lolote lingine, kwa mlinzi, kwa wa mapokezi, kwa kila mtu. Wafaransa ni kama watu wetu katika hilo: ukianza na swali bila salamu, umeshaharibu. “Vestiaire” ni chumba cha kuacha mizigo, “sortie” ni njia ya kutokea, “fermé” ni pamefungwa.

Mimi ni mchoraji, nimejifunza mtindo wa Tingatinga Oyster Bay. Mwakani nitakuwa Ufaransa kwa maonyesho. Naweza kuketi ndani ya makumbusho nikachora? Na nitazame nini? (Kijana, Dar es Salaam)

Penseli na daftari dogo, ndiyo, hakuna tabu. Rangi, wino na kigoda chako mwenyewe vinahitaji kibali, kwa hiyo andika barua mapema ueleze kazi yako.

Uliyojifunza yatakusaidia sana hapo. Edward Saidi Tingatinga alipoanza mwaka 1968 alitumia rangi ya kung’aa inayopakwa baiskeli, juu ya ubao laini. Rangi hiyo inalala sawasawa, inakauka haraka, na mpaka kati ya chui na mandhari yake unakatwa kwa mkono usiotetemeka. Rangi ya mafuta ya akina Monet ni kinyume: inakaa siku nyingi mbichi, inarundikika, inachanganyikana na jirani yake hata kama hutaki. Ukijua kazi ya ile ya kwanza, utaona kwa macho ya fundi tatizo ambalo hii ya pili inaleta na jinsi kila mchoraji alivyolikabili.

Nenda kwenye picha ya Monet ya Rue Saint-Denis, sikukuu ya 30 Juni 1878. Mtaa wa Paris umefunikwa bendera. Jaribu kuchora bendera moja tu kutoka humo kwa penseli. Utagundua kwamba hakuna bendera: kuna mstari wa buluu, mwanya, mpigo wa nyekundu uliovutwa kwa kasi, mara mamia. Watu walioko chini ni madoa tu, hata kichwa hakuna, na bado umati unatembea. Kaa hapo saa nzima. Halafu nenda kwa Géricault uchore shingo ya farasi, maana naye alijua mnyama kama nyinyi wa Oyster Bay mnavyomjua.

Siku gani nzuri ya kwenda? (Wengi)

Yoyote isipokuwa Jumanne, ambayo hufungwa. Siku nyingine hufunguliwa saa nne asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Sikukuu kubwa kama Krismasi, Mwaka Mpya na Mei Mosi, msiende bila kuulizia. Asubuhi ya katikati ya juma ndiyo yenye nafasi. Jumapili alasiri familia za mjini hujaa.

Mkijikuta Rouen siku ya Jumanne, msikate tamaa. Nendeni Place du Vieux-Marché, mahali alipochomwa moto Jeanne d’Arc, shujaa wa vita wa Ufaransa, mwaka 1431 akiwa binti wa miaka kama 19, kisha mrudi hadi kanisa kuu, na mlale mjini kama mfuko unaruhusu. Jumatano saa nne mlango utakuwa wazi.